Gramu Tano

Tulimnasa mwezi wa sita, nyuma ya shamba la viazi,
kwenye nyasi fupi za Landeyjar, kusini mwa Iceland,
upepo ukitupiga usoni kama mtu anayedai deni.
Sululu. Mdomo wake umepinda
kama kile chuma cha kuchimbia mawe kilichopewa jina lake,
au ni ndege aliyepewa jina la chuma, sijui.
Nikamfunga kifaa mgongoni, gramu tano,
kigae cha kunywea jua na unywele wa antena.
Baba alisimama mbali, mikono mifukoni.
"Hallbera," akasema, "msafiri habebeshwi mzigo wa mwingine."
Sikumjibu. Ndege akaninyea kwenye mkono wa koti,
akaenda zake.

Tarehe nne Agosti, saa tatu usiku, jua lingali juu,
nukta yake iliuacha mchanga mweusi wa pwani.

     Hana hati hana dira, hana tiketi kwapani,
     haombi mtu ishara, hatui hata majini,
     usiku hauna sura, kuna chumvi ulimini,
     siku tano akipura upepo kwa mbawa duni.

Na Baba, ambaye hakutaka kusikia habari ya kifaa,
akawa anaamka kabla ya ng'ombe,
anakuja jikoni kwa soksi, anaiuliza kompyuta:
"Amefika wapi mchukuzi?"
Vipimo akaviandika kwa penseli nyuma ya risiti za mbolea.
Siku ya tano: visiwa vya Bijagos, Guinea-Bissau.
Mikoko, tope, kaa wa kutosha.
Baba akala mkate wake wote.

Januari, theluji imefika dirishani, nukta ikasimama.
Siku moja. Nne. Tisa.
Nilikuwa natafuta neno, Baba akaniwahi:
"Usiseme."

Siku ya kumi ikasogea, lakini si kwa mwendo wa bawa.
Mita mia tatu kwa saa, ikisita, ikirudi nyuma,
kisha ikapanda kutoka topeni hadi penye mapaa
ikalala huko.
Tukatazamana.
Kuna mtu.
Kuna mtu amemwokota sululu wetu, au kilichosalia,
akakifungua kifaa, akakitundika shingoni
au kwenye mpini wa kikapu cha kombe.

Maji yakipwa, nukta hushuka. Yakijaa, hupanda.
Mara moja ilivuka mkono wa bahari,
ikakaa kisiwa cha pili.
"Msiba," alisema Baba.
"Au harusi."
"Siku tatu? Msiba."
Alishikilia kwamba ni mwanamke: mwanamume asingerudi
kuinama mahali palepale kila siku ya Mungu.
Labda ni mtoto, nikamwambia.
"Basi ni mtoto mwenye bidii."
Asubuhi nukta ilipochelewa kushuka, alikunja uso: anaumwa.
Kesho yake iliposhuka, akaenda kukamua huku akipiga mluzi.

Mimi niliona haya
kumtazama mtu asiyejua kwamba anatazamwa,
kuijua njia yake ya kisimani na nisilijue jina lake.
Nikamwambia Baba, tuzime.
"Kesho," akasema.
Kesho yake akasema kesho.

Kifaa kilikufa kabla hatujaamua,
tarehe kumi na tisa Aprili, maji yamekupwa,
nukta ikiwa katikati kabisa ya tope.
Kisha ramani tu, na buluu yake.

Mwezi wa tano sululu wakarudi, makumi kwa makumi,
na ule mluzi wao kama maji yanayoanza kuchemka.
Baba alikuwa kwenye matuta, mbegu za viazi ndooni.
Hakuinua kichwa kuwahesabu.
Alivuta mkono wa sweta, akatazama saa.
"Huko sasa maji yanatoka," akasema,
akainama kupanda.